Saa Kumi Jioni, Haijulikani

Mama yangu ni Tusekile, lakini hapa Matema wengi walimwita Mama Nyota, kwa sababu alikuwa mlinzi wa dishi. Dishi lenyewe ni jeupe, pana kuliko nyumba ya mchungaji, limekaa bondeni nyuma ya kilima ambako simu hazishiki. Halirushi kitu. Linasikiliza nyota tu. Kituo kikubwa kiko nchi nyingine na kina madishi mengi, na hili letu lilikuwa sikio lake mojawapo.

Mama alianza kwa kufyeka majani ya uwanja. Yeye alimaliza la saba, mimi niliishia la tano, kwa hiyo nyumbani msomi ni yeye. Wataalamu walipoona hasahau kitu wakampa daftari. Dishi likisikia kelele ya hapahapa duniani, kwenye skrini hutokea mstari. Kazi yake ikawa kuangalia saa, kutafuta kelele imetoka wapi, na kuandika. "Saa tatu, pikipiki ya Godwin." "Saa tano, mashine ya kuchomelea, kwa Asajile." Kisha anakwenda mwenyewe kuwaomba taratibu. Mwishowe akawa anaijua ile mistari kama unavyomjua mtu kwa mwendo wake kabla hujaona sura.

Ufukweni wakati wa kununua usipa, dagaa wa ziwani, walikuwa wanamtania.

"Mama Nyota, leo huko juu wamesemaje?"

"Wamesema urudishe sufuria yangu."

Kiangazi kilichopita akaja Injinia Wenceslaus, mtu wa Bukoba, mpole, anayeongea huku anafuta miwani. Alisema mashine iliyo ndani ya dishi imezeeka, inasikia nusunusu. Mpya imeshafika, iko kwenye sanduku lake ghalani Mbugani. Ila kwanza atapima kelele siku saba. Kila kelele ikipata mwenyewe, na mwenyewe akakubali kunyamaza kwa saa zake, mashine mpya itafungwa hapa na mama ataajiriwa kabisa, kwa mkataba. Ikibaki hata moja isiyo na mwenyewe, mashine itapelekwa kituo kingine na hiki kitafungwa.

"Kelele yenye mwenyewe hainitishi, mama," alisema. "Huyo nitakwenda kuongea naye. Inayonitisha ni ile isiyo na mwenyewe."

Siku ya kwanza, saa kumi jioni, ukatokea mstari wenye meno kama msumeno. Mimi nilikuwa nimempelekea mama chakula. Aliutazama, akaweka kalamu chini.

"Lucy, babu yako anamwagilia miche saa ngapi?"

"Saa kumi."

Akavuta sahani, akaanza kula.

Babu ni baba yake baba. Kiangazi hicho alikuwa amenunua pampu ya petroli, kuukuu, ya kuvuta maji kijitoni hadi kwenye miche yake ya kakao. Ukiwa hapo dishini huisikii kwa masikio, kilima kinaizuia. Lakini dishi lilikuwa linaisikia, maana lenyewe husikia cheche za umeme, si sauti.

Asiye wa kwetu inabidi nimweleze. Mkwe wa kike wa Kinyakyusa hatamki jina la baba mkwe wake, hakai naye, hapiti mbele yake. Siku hizi wengi wameacha. Mama hakuacha. Akimwona babu njiani, anaingia migombani mpaka apite. Babu anaitwa Lugano, na kwa lugha yetu hilo neno ni upendo, basi kanisani wimbo ukifika hapo mama hunyamaza, halafu anaudakia mbele. Hawajawahi kugombana hata siku moja. Ndiyo heshima yenyewe.

Sasa amwandike kwenye daftari, wageni wasome, injinia aongozwe mpaka uani kwake kama anayeshtakiwa? Mama aliandika: "Saa kumi jioni. Haijulikani."

Kwake neno lile lilikuwa adabu. Maana yake, najua, ila si mimi wa kusema. Mwanamke yeyote wa huku angelielewa, angeuliza majirani, mambo yakaisha. Injinia alilisoma kama lilivyoandikwa.

Siku ya tatu mama akaniambia, "Kabla ya saa kumi nenda kamsalimie babu yako."

Nikaenda. Babu alinionyesha miche, imesimama vizuri, akanishikisha mpira wa maji. Alikuwa na furaha. Nilimsalimia, ugonile, babu, nikamsaidia kuutandaza kwenye mistari miwili ya miche, nikarudi. Mama akaniuliza, "Umemsalimia?" Nikasema ndiyo. Dakika chache mbele, meno yakatokea kwenye skrini.

Siku ya sita injinia alikuja na daftari mkononi.

"Mama Lucy, hii ya saa kumi kweli huijui? Wewe? Unayemjua Godwin hata kwa breki?"

"Ni ya upande ule," mama akasema, akatazama chini.

"Upande ule kuna nini?"

"Kuna watu."

Kisha akaniangalia. Mimi mjukuu, jina la babu nalitamka nitakavyo. Injinia naye akageuka kunitazama. Nikawaza ile miche, nikawaza itakauka. Nikaokota sahani na kwenda kuziosha.

Wiki iliyofuata lori lilichukua sanduku Mbugani. Injinia alibaki siku mbili kung'oa mashine ya zamani. Siku anaondoka, saa kumi, akasimamisha gari kijitoni aongeze maji kwenye rejeta, akaikuta pampu inanguruma. Akacheka kwanza, babu anasema, halafu akakaa kwenye jiwe. Alisema ilihitaji kubadilishwa plagi tu. Plagi ya aina nyingine, na kelele ingekufa.

Jioni ileile babu alikuja kwetu. Alisimama barabarani. Mama alikuwa nyuma ya jiko.

"Lucy! Muulize mama yako, mimi ningekataa?"

Alisema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni. Hata hivyo nilikwenda kuuliza, ndivyo inavyotakiwa.

"Mwambie babu anisamehe," mama akasema.

"Babu, mama anasema umsamehe."

"Mwambie hana kosa. Yeye alifungwa mdomo. Wengine hatukufungwa." Akanitazama kwa muda, akaondoka.

Sasa mama anaanika kakao kwa mnunuzi mmoja Ipinda, anaondoka alfajiri. Dishi bado lipo, linatazama juu bila kitu ndani. Ufukweni hawamtanii tena, wanamwita Mama Lucy tu, nadhani ni huruma. Siku moja tulipita karibu na lile bonde, pikipiki ikanguruma mbali, akasema polepole, "Godwin hajarekebisha." Tukaendelea kutembea.

Hajaniuliza hata mara moja kama siku ile ya tatu nilielewa amenituma nini. Nilielewa.