Mnong'ono wa Shimoni

Zamani mwigizaji akisahau maneno alikuwa na mwenzake chini ya miguu yake. Siku hizi ana kidude sikioni, na anayemsemesha amejifungia chumbani, hata sura yake haijui.

Mwenzake huyo alikuwa Kinong'o. Jina alilopewa na wazazi wake halikutumika, ila labda mkewe alipokasirika. Ukumbi ule usio na paa, wenye viti vya mawe vilivyopanda kama ngazi, ulikuwa na shimo mbele ya jukwaa. Humo Kinong'o alikunja magoti, maandishi ya mchezo mapajani, akiwatazama waigizaji midomo. Aliyekwama alirushiwa neno, na watazamaji hawakusikia kitu. Ufundi wake ulikuwa huo wa kutosikika, ndiyo maana hakupigiwa makofi hata siku moja.

"Kinong'o, leo maneno yako yananuka kitunguu," Mfalme alikuwa akimtania. Huyu waliyemwita Mfalme aliigiza wafalme tangu ujana. Nyumbani alikuwa fundi viatu.

"Na soksi zako je? Mimi ndiye niliye chini yake!"

Basi wakaja mafundi wa kuukarabati ukumbi. Walisugua mawe yakang'aa, wakaweka mito, wakatundika taa na vipaza sauti, na kila walichokigusa walisema wanahifadhi sura yake ya asili. Shimo nalo wakalihifadhi: walilifunika kwa kioo kinene, wakatia taa ndani ili wageni wachungulie.

"Baba, shimo lako tumelitunza vilevile," msanifu majengo alimwambia, binti mwenye adabu zake.

"Ahsante, mwanangu. Na mimi nitaingilia wapi?"

Binti akacheka, akidhani ni mzaha.

Kinong'o angekubali yaishe. Alikuwa amechoka, na magoti yalimsumbua. Lakini wiki ya ufunguzi mke wa Mfalme, ambaye ndiye aliyeigiza malkia, alimfuata nyumbani.

"Shemeji, kichwa cha kaka yako kimeanza kuvuja. Kile kidude cha sikioni amekikataa, anasema kinamlilia kama mbu. Wakimwona anababaika watamwondoa, na akiondolewa pale hana pengine pa kushika. Usikae mbali."

"Nitakaa mbele kabisa."

Akakaa mbele, kwenye mto mpya ambao starehe yake ilimtia aibu. Mfalme alianza vizuri. Halafu, katikati ya kumhukumu mwanawe, akanyamaza. Miguu ikampeleka yenyewe hadi penye shimo. Akainama kidogo kama alivyozoea, mwanga wa kioo ukampiga machoni, akabaki anapepesa.

Kinong'o akamnong'oneza kwa sauti ileile ya siku zote: "Mlango uliufunga mwenyewe, mwanangu."

Kumbe vile vipaza sauti vilipangwa ukingoni mwa jukwaa, mbele yake. Vikaudaka mnong'ono, vikaumwaga ukumbi mzima hadi viti vya juu. Mfalme akayarudia maneno yaleyale kwa ngurumo, na watu wakaangua kicheko. Kinong'o, aliyekuwa amemkazia macho rafiki yake, hakuelewa kinachochekwa. Akamtupia maneno mengine, kicheko kikazidi. Mpaka malkia alipomgeukia na kumtikisia kichwa ndipo alipoisikia sauti yake mwenyewe ikimrudia kutoka nyuma.

Akafumba mdomo. Mfalme naye akanyamaza, akasubiri, mikono ikining'inia, hadi wasimamizi wa ukumbi wakazima taa. Nafasi yake walimpa mwingine hata kabla wiki haijaisha.

Kinong'o alipokwenda nyumbani kwa Mfalme, mkwe wao alikuwa akifunga godoro juu ya gari. Walikuwa wanahamia kwake, mbali.

"Miaka yote nakuomba upaze sauti kidogo," Mfalme alisema, "ukaichagua siku ile."

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Tulikuwa tumeshachoka wote."

Mkewe alimpa Kinong'o mkono. Kisha akamsaidia mumewe kuingia, akamwinulia mguu uliobaki nje, akafunga mlango. Gari likapita mbele ya ukumbi, ambako mtu alikuwa akisugua kile kioo, likakata kona. Kinong'o hakuwaona tena.