Mkunga wa Kwenye Kadi

Kwetu samaki hakuwa chakula. Marehemu mama yangu alishikilia kwamba kitu kisicho na miguu na kinachoteleza ni ndugu ya nyoka, na ukikileta jikoni kwake, uondoke na sufuria kabisa. Kwa hivyo nilipowaambia wateja wa duka langu la mabati na simiti pale Gatongora kwamba najifunza kupiga mbizi ili niwatambue samaki wa baharini, walicheka hadi wakasahau walichokuja kununua. "Na ukikutana na nyangumi, Mathe?" Nikawajibu nitamuuzia simiti.

Aliyeniingiza ni binti yangu anayesoma chuo kikuu Juja. Kikundi chao hufanya mazoezi kwenye bwawa la kuogelea Thika, halafu mara mojamoja kinashuka Pwani kuhesabu samaki kwenye matumbawe. Kule chini hakuna kwenda peke yako. Kila mtu ana mwenzake, na mtungi wako wa hewa ukikukataa unapumua kwa wake. Binti yangu alinichagua mimi mbele ya vijana wenzake wote, na miaka yangu hii na kiuno changu hiki. Tangu aanze chuo tulikuwa tumebaki na salamu za "sasa" na "poa" kwenye simu, basi. Nilitaka sana niendelee kuwa mwenzake. Hilo ndilo lililoniingiza majini, si samaki.

Lakini samaki nao niliwajua, wacha nijisifu. Mwalimu wetu huzamisha kadi za picha zilizofunikwa plastiki na kufungiwa mawe. Unashuka, unatazama, unapanda na jina. Vijana walikuwa wakichanganya chewa na changu. Mimi, wapi! Pono nilimjua kwa ule mdomo wake wa kasuku. Bunju nilijua kwamba akitishwa hufura. Na mkunga, yule mrefu anayekaa pangoni ameachama, nilikuwa nawahubiria wengine: "Msimwogope, hamtishi mtu, ndivyo anavyopumua." Hata akina mama wa kanisa kule Membley waliisikia hotuba hiyo, watake wasitake.

Basi tukashuka Pwani, tukazama, na mambo yakaenda vizuri mwanzoni. Nilikuwa namwonyesha binti yangu huyu na yule kwa kidole, naye anaitikia kwa kichwa. Halafu mkunga akatokeza kichwa kwenye jiwe karibu na mkono wangu, mnene kuliko paja la mtu. Haki, jina lilikuja kabla ya woga. Mkunga. Anapumua tu. Lakini mwili wangu ulisema ni nyoka, na haukutaka kujua mengine.

Nilimrukia binti yangu. Nilimkumbatia shingoni nikapiga mateke, na katika fujo hizo mkono wangu uling'oa mpira wa hewa mdomoni mwake. Mapovu yakajaa kila mahali. Mwishowe aliupata mpira, akaurudisha mdomoni, akanishika mkanda na tukapanda polepole kama tulivyofundishwa.

Mashuani mwalimu aliuliza kulikoni. Sijafungua mdomo, binti yangu akasema, "Sikio langu limekataa. Nilimwomba Mami tupande." Mwenye sikio bovu haruhusiwi kuzama. Safari yote iliyobaki alikaa mashuani akiwapokea wenzake mitungi, na ile hesabu aliyoingojea muhula mzima ikafanywa na wengine. Ngai, aibu niliyoona! Lakini nilinyamaza, nikajipa moyo kwamba kama amenisitiri, basi amenisamehe.

Tuliporudi Thika tuliketi ukingoni mwa bwawa. Ni desturi ya kikundi: baada ya safari, kila mtu hutaja kwa sauti atakayezama naye safari ijayo, na hakuna kuoneana haya, kwa sababu ni mambo ya uhai. Zamu ya binti yangu ilipofika, alimtaja msichana wa darasa lake.

Nilicheka. Nikinyimwa kitu huwa nacheka kwanza. "Wee, mwenzako si ni mimi? Ama umenichoka?"

Watu wakacheka pamoja nami. Yeye hakucheka. "Mami, tutaongea nyumbani."

Hapo ningenyamaza. Lakini mimi ni mtu wa kiburi, na vijana walikuwa wananitazama. "Ongea hapahapa! Ni mkunga tu alinishtua, nani hashtuki? Hata sikujua ninachofanya."

Mwalimu akageuka. "Mkunga? Si mlisema ni sikio?"

Uongo aliousema kwa ajili yangu nikawa nimeumwaga mwenyewe mbele ya kila mtu. Binti yangu aliinamisha kichwa akitazama maji. Aliponitazama, sauti yake ilikuwa ya chini, ya heshima, kama anayeongea na mgonjwa.

"Mpira uliponitoka, Mami, nilikuonyesha mdomo wangu. Nilikuonyesha tena. Ulikuwa unaniangalia."

Nilitaka kumkatalia. Nilitaka kusema miwani ilijaa maji, kwamba mapovu yalikuwa mengi. Watu wote walikuwa wanangoja niseme hivyo, na nadhani hata yeye alikuwa anangoja. Sikuweza, kwa sababu nilikuwa nimemwona. Nilimwona mwanangu hana hewa, nikamkanyaga bega ili nipande mimi.