Matembele ya Nchi Kavu

Juzi nilikuwa Bwizibwera kwenye biashara yangu ya maziwa nilipopigiwa simu kwamba jirani yangu wa Kashojwa, kwenye kambi yetu ya wakimbizi, mama mkulima aliyetoka Kivu Kusini kama mimi, amefariki hospitalini Mbarara. Sisi wazee tunaisha, na simu nimezichoka. Hata maiti haijatoka mochari, wanawe walishaanza kuvutana: azikwe hapa kambini, au arudishwe kwao?

Nilimfahamu tangu alipofika, kiangazi. Mbele ya kibanda alichopewa ulitambaa mmea mwitu, ule unaostahimili vumbi tupu, wenye maua meupe kama tarumbeta yanayofunguka asubuhi na kunywea jua likiwaka. Kwa macho ya mtu wa kwetu, yale ni maua ya kiazi kitamu. Akafurahi, akachuma majani, akapika, akanialika.

“Mama, haya si matembele,” nikamwambia.

“Papa, ulisomea majani fasi gani?”

“Sikusoma. Lakini ngombe zangu hazikule haya.”

“Basi wewe ni ngombe? Kula.”

Nikala kwa adabu. Mchana kutwa tulipishana kwenye njia ya choo, yeye akicheka kuliko mimi. Kesho yake akachimba kutafuta viazi, akakuta mzizi kama kamba, unashuka tu. Majirani wakambandika jina, Mama Bilazi, yaani Mama Viazi. Hakununa. Alikwenda Kakiika kuomba marando ya viazi vya kweli, akayapanda palepale. “Batu ya hapa banacheka mingi,” akasema. “Batakula.” Na walikula.

Mimi shule niliiacha nikiwa mdogo, na nilichonacho nimekitafuta mwenyewe. Lakini nimeona wenzangu wengi, wenye vyeti, wakiishi hapa kama abiria. Kila mwaka wanarudi kwao mwakani. Hawapandi mti, hawazibi hata paa. Wanazeeka wamekaa juu ya mizigo.

Msibani mwanawe mkubwa alinijia. “Papa, hapa si kwetu.”

“Mama yako alisema nini?”

“Alisema azikwe Kashojwa. Lakini batu ya kwetu batasema nini?”

“Waseme. Unamuuliza nani tena, na mwenyewe ameshajibu?”

Akaenda kutafuta majembe. Tulimzika jana. Nimechoka, kwa hiyo nasema kwa kifupi: waambieni watoto wenu, mkiwa hai, mnataka kulazwa wapi. Na kama huwezi kuitaja fasi hiyo, jiulize miaka yote hii umekuwa ukiishi wapi.