Figo za Mama na Moyo Wake

Utotoni, tukitoka shambani bondeni kurudi nyumbani, milimani huko Upare ya Kusini, mama aliniacha nyuma kila mara. Kapu la tangawizi kichwani, anaimba sauti ya pili ya kwaya yetu ya Kilutheri, mimi nahema. Jumamosi alipika makande yenye magadi, tukala tumeuzunguka moto, ukungu mlangoni. Naukumbuka sana moshi ule.

Presha ilimwingia kimyakimya. Tulipokuja kujua, figo zilikuwa zimeshachoka. Nikamleta kwangu Same mjini, kwenye joto na vumbi, ili iwe rahisi kwenda Moshi kusafishwa damu kwa mashine. Chumvi na magadi vikapigwa marufuku. Hakulalamika, ila jioni alitoa kiti nje akakigeuza kuelekea milimani.

Asubuhi moja ya baridi, akichambua mchicha, alishika taya.

"Jino hili linanisumbua. Na mkono umekuwa mzito."

"Kifua je, mama?"

"Kimebana kidogo. Uchovu wa mashine tu."

Jasho lilikuwa linamtiririka. Nikaogopa, nikaita gari.

Hospitalini daktari kijana alimwinamia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeletwa kwa ajili ya jino."

"Si jino. Ni moyo."

Akatueleza taratibu: figo zikiugua, presha hupanda, na madini ya chokaa hujijenga kwenye kuta za mishipa ya damu. Ile inayoulisha moyo huwa migumu na myembamba, damu ikapita kwa shida. Ndiyo maana wagonjwa wengi wa figo huishia kuumwa moyo.

Mama alifikiri kidogo. "Kwa hiyo figo zangu zimekwenda kumsumbua jirani?"

Daktari akacheka, nami nikacheka huku machozi yananitoka.

Walimpanua mshipa ulioziba kwa kijibomba chembamba. Akapona, akaziona Krismasi mbili zaidi, na zote tulimpandisha kijijini kwa gari. Alikaa barazani amejifunika blanketi, majirani wakapanga foleni kumwamkia.

Alifariki mchana mmoja, usingizini, moyo ukasimama. Tulimzika karibu na migomba yake.

Siku hizi mimi na wadogo zangu tunakwenda pamoja kupima presha na figo. Tukitoka tunapitia mgahawani, tunaanza kusimuliana habari za mama, na chai inapoa mezani bila mtu kuigusa.