Mtungi wa Upepo Dirishani

Kaka yangu mkubwa alinunua gari kwa mzungu mmoja mwindaji aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuwa kuukuu, lakini lilikuwa na kitu ambacho huku kwetu Gorong'a hakuna aliyewahi kukiona: mtungi wa bati, mrefu, umelazwa kwa nje juu ya dirisha la abiria. Unautia maji. Gari likienda, upepo unaingia kwa mdomo wa mbele, unapita kwenye nyuzi zilizolowa, unatokea ndani ya gari ukiwa baridi. Kulikuwa na kamba. Ukiivuta, nyuzi zinazunguka na kulowa tena. Mzungu mwenyewe alishaacha kuutumia kwa sababu ulivuja. Mimi niliuita takataka. Nilimwambia kaka aung'oe, kuku watagie humo.

Kisha habari za mama zikaja. Mama alikuwa kwa dada yake upande wa Kenya, alikopelekwa hospitali, na hospitali ilikuwa imemrudisha. Kifua kilikuwa kimekataa. Joto likizidi hewa ilimkwama, akawa anapepewa kutwa nzima. Alimtuma mjomba na maneno machache: "Mwambieni mura, kijana wangu, aje anichukue. Nataka niingie mlango wangu nikiwa na pumzi."

Tulimwelewa. Kwenye ukoo wetu, aliyefia njiani hapitishwi mlango mkubwa wa mji, yaani boma la familia. Wazee hubomoa ua kwa nyuma, anaingizwa hapo, na jina lake hapewi mtoto yeyote. Mama alikuja pale pakiwa kichaka, akalima na baba mpaka pakawa mji. Leo aingizwe kwa nyuma? Thubutu! Nililia kwa hasira, nikamwambia kaka, "Tengeneza ile takataka yako. Mama hawezi kuvuka lile jua ndani ya gari lenye joto."

Tukautia maji. Kabla jua halijapanda ulikuwa mtupu, na hatukuona tundu. Kaka akaukausha kwa kitambaa, akaupaka majivu makavu kotekote, akaujaza tena. Tukakaa kuutazama. Majivu yalianza kuwa meusi upande wa chini, pale unapokaa juu ya mlango. Doa moja, la pili, la tatu, la nne, yamepangana sawasawa, kama vidole vya mtu aliye ndani anayejishikilia asianguke.

"Ni ribiti, hizi pini zinazoshikilia bati," kaka akasema, akacheka. "Ribiti zimelegea."

Mimi sikucheka.

Kwanza aliziba kwa nta ya nyuki. Jua likaiyeyusha, ikatiririka kioo kizima. Nilimtukana kidogo, naye akanitukana kidogo, ndivyo tulivyolelewa. Akazikwangua zile ribiti mpaka bati likang'aa, akatia chuma cha kulehemu kwenye makaa, akayeyusha risasi juu yake, moja moja, polepole. Tukapaka majivu upya. Yalibaki meupe mpaka jioni.

Nyuzi za ndani zilikuwa zimeoza. Nilichana katani, nikaisokota, nikaijaza mimi mwenyewe. Kaka akaliendesha gari kuzunguka malisho ili tujaribu. Ubaridi ulitoka, tena mzuri. Lakini kulikuwa na sauti. Kila gari liliporuka kwenye shimo, mtungi ulivuta pumzi, ukaitoa. Hhhaa. Hhhaa. Ukifumba macho unaapa kuna mtu amelala pembeni yako. Mbwa wetu aliingia chini ya ghala na hakutoka hata alipoitwa kula.

"Katani yako imelegea," kaka akasema. "Inacheza mle ndani. Niifungue niikaze?"

"Acha! Ubaridi si unatoka? Unataka nini tena?"

Tulipofika Kenya kwa dada yake, tulimkuta mama amekonda mpaka nikaogopa kumshika. Kaka akambeba hadi kwenye gari. Mimi nilikaa katikati, mama dirishani, kichwa chake begani kwangu. Gari lilipoanza kutembea alifumbua macho.

"Nani anapumua humo?"

"Ni katani, mama. Ni mtungi wa kukupoza."

Akasikiliza kwa muda. "Basi anisaidie," akasema. "Mimi nimechoka."

Tulipofika Sirari, mpakani, mama alikunywa maji na kuuliza kama ng'ombe wamekamuliwa. Baada ya hapo alilala. Nilikuwa navuta kamba, ubaridi unakuja, nikisikia ile pumzi juu yetu na pumzi yake begani, zinakwenda pamoja. Sikujua ipi ni ipi. Mkono wake, uliokuwa ukiwaka moto tangu tumwone, ukawa baridi. Jamani, nilifurahi! Nilimwambia kaka, "Mtungi wako umeweza. Homa imeshuka." Naye akafurahi, akaanza kuimba chini chini. Uso wa mama ulikuwa na umande, nikaufuta kwa kanga, nikaufuta tena.

Mbele ya mlango mkubwa wazee walikuwa wamesimama. Wengine walikuwa na mapanga, ya kukatia ua. Kaka akasimamisha gari, akazima. Kukawa kimya, kimya kabisa, ndani ya gari na nje.

Nikaweka sikio kwenye mdomo wa mama. Hakuna kitu.

"Shikamoo, baba mdogo," kaka akasema. Baba mdogo aliinama dirishani.

"Anapumua?"

Kaka akanitazama. Niliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga.

"Washa gari," nikamwambia. "Baba mdogo, wewe tembea hapa dirishani, usikilize mwenyewe."

Gari likawaka, likaanza kutambaa. Mlangoni palikuwa na kituta cha kuzuia maji ya mvua. Gurudumu likapanda, likashuka, na sote watatu tukasikia kutoka mle ndani. Hhhaa. Ndefu, ya mtu aliyetua mzigo. Baba mdogo akavua kofia.

"Anapumua!" akawapigia kelele wenzake. "Wekeni chini hayo mapanga. Mama mwenye mji anaingia."

Tulipofika uani alikuwa ameondoka. Nililia mpaka sauti ikakauka, lakini nililia ndani ya mji wake.

Baada ya mazishi kaka aliung'oa ule mtungi, hakutaka kuuona tena. Risasi yake ilikuwa imeshika, hakuna tone lililokuwa limevuja. Akafungua mfuniko ili aitoe katani, ikakataa. Ilikuwa imekunywa maji ikavimba, imebana bati pande zote, ngumu. Aliivuta kwa koleo huku mguu ameukanyagia mtungi, na haikusogea hata kidogo.

Akakaa chini.

"Hii haiwezi kucheza," akasema. "Haiwezi kupitisha hata upepo. Sasa pale mlangoni..."

"Nyamaza," nikamwambia. "Kaufukie."

Akaufukia nyuma ya zizi. Binti yangu wa kwanza alipozaliwa nilimpa jina la mama, na hakuna mzee aliyepinga.