Zizi Linalohama na Maziwa ya Mtoto

Kompyuta yangu ilikuwa imeshaamua kwamba kisima cha nyumbani, chini ya mlima Hanang, ni salama. Kwenye modeli, yaani hesabu ya kompyuta ya kukisia uchafu unavyopenya ardhini, niliingiza zizi la ng'ombe, udongo, mvua, na bakteria wa ardhini ambao, pasipo hewa, huigeuza naitreti, chumvi itokayo kwenye samadi, kuwa gesi isiyodhuru kabla haijafika majini. Lilikuwa jibu zuri mno. Sikuliamini, nikaenda kupima.

Dada yangu alikuwa na mtoto mchanga. Maziwa yake hayakutosha, hivyo alimkorogea ya kopo kwa maji ya kisima hicho. Naitreti ikizidi, damu ya mtoto wa umri ule hushindwa kubeba hewa, na midomo yake hugeuka bluu. Dada aliyachemsha maji mara mbili, kwa upendo, hadi yakabaki nusu sufuria.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kutusalimia sisi au kisima?"

"Wote."

"Anza na mimi. Kisima hakipiki chai."

Nikiwa na kikombe mkononi, nikayatazama mahindi yaliyokuwa juu kidogo ya kisima. Mabua yalikuwa manene, majani ya kijani kizito. Nikakumbuka: nilipokuwa darasa la pili, pale palikuwa zizini. Zizi letu huhama. Tope likifika magoti ya ndama, baba hukata miiba akajenga jingine, na la zamani tunalipanda mahindi. Modeli yangu ilijua zizi moja tu, la sasa, lililo mbali; samadi ya zamani iliyozikwa hapo juu ya kisima haikuijua.

Nikachovya kijiti cha kupimia naitreti kwenye maji ya kisima; kikageuka rangi ya waridi, dalili kwamba imo. Nikachovya kingine kwenye sufuria ya dada: rangi ikakolea zaidi. Moto uliua vijidudu, lakini maji yalipopungua naitreti ilibaki yote.

"Kwa hiyo nilikuwa namwua?" dada akauliza.

"Hapana. Mtazame midomo, haijabadilika. Ila kuanzia leo tumpe maji ya chemchemi ya mlimani."

"Atayachota nani?"

"Mwenye vijiti," mama akajibu.

Nikampakia punda madumu. Huko chemchemi nako nilipima kwanza. Kijiti kikabaki cheupe.

Jioni dada alikoroga maziwa kwa maji ya chemchemi. Mtoto akanywa, akalala mdomo wazi. Nikainama niione vizuri rangi ya midomo yake.

"Sogea huko," mama akaninong'oneza. "Utamwamsha kwa kumkagua."

Nikasogea, lakini si mbali.