Birika la Chuma Mpaka Mabela

Nimesafiri kwa sababu ya neno moja: "Nzuri." Kila nikimpigia simu mwanangu Raya, aliyeolewa Maskati mwaka jana, nikimuuliza habari za mama mkwe wake, hujibu hivyo tu, kisha kimya. Usingizi ukanipaa. Nikaamua kwenda kujionea, na begini nikaacha nafasi ya nguo zake, endapo itabidi nirudi naye.

Uwanja wa ndege wa Unguja, asubuhi. Zawadi niliibeba mkononi: birika la chuma la Kijapani, nililolipata kwenye duka la vitu vilivyotumika. Lina vipele vipele kama ganda la fenesi, alama za kalibu ya udongo ambamo chuma kilimiminwa kikiwa uji wa moto. Askari alilipitisha mashineni mara mbili huku jasho likinitoka.

Maskati, mchana. Mkwe wangu Nasir, aliyekuja na Raya kunipokea, alitupitisha Wattaya, kwenye maduka ya magari mapya, nami sikuona kitu. Nilikuwa namchungua Raya. Amekonda? Hakukonda.

Mabela, alasiri. Bi Thuwaiba, mama yake Nasir, akanikumbatia. "Marhaba, dada! Hapa kwako."

Nikatoa birika na masharti yake: ndani ni chuma kitupu, kwa hiyo ni la kuchemshia maji tu, halitiwi sabuni wala halisuguliwi, na lisilale na maji, litashika kutu. Likishika, chemsha majani ya chai ndani yake mpaka maji yawe meusi.

"Raya, umesikia?" nikapandisha sauti. "Nikilikuta na kutu utanitambua!"

Raya akainamisha kichwa. Nikamtupia mama mkwe jicho la pembeni: ndiye anayemtia mwanangu hofu hii?

Kesho yake, magharibi, Raya alilijaza maji mbele ya macho yangu. Mara adhana, tukaenda kusali, kisha wageni wakaja, wakapewa kahawa. Birika likasahaulika.

Siku ya tatu, Yiti. Nasir alitupeleka ufukweni; Bi Thuwaiba alibaki nyumbani, magoti yanamsumbua. Nasir alipokwenda kununua samaki, nikauliza waziwazi.

"Mama mkwe wako anakutesa?"

"La, mama."

"Basi mbona simuni husemi?"

Akachorachora mchangani kwa kidole.

Tuliporudi Mabela niliingia jikoni. Sinkini maji mekundu ya kutu. Juu ya jiko birika linachemka na majani ya chai. Bi Thuwaiba akashtuka, akajiweka mbele yake.

"Nisamehe, dada. Mie nnililijaza jana, nkalisahau. Lakini khalas, tazama, maji yashakuwa meusi. Nnakuomba, usimgombeze mtoto."

Yeye alilijaza? Nilimwona Raya kwa macho yangu! Nikageuka. Raya amejibanza mlangoni, na hamtazami mama mkwe. Ananitazama mimi.

Unguja, nyumbani. Begi limerudi limejaa halua na tende za Bi Thuwaiba. Nilikwenda kumkinga mwanangu na mama mkwe wake. Kumbe mama mkwe ndiye anayemkinga, na anamkinga nami. Iliniuma, na bado inaniuma.

Siku hizi nikimpigia sipandishi sauti wala simhoji. Juzi alizungumza mpaka salio likaniishia.